Mdogo wangu alipanda kutoka chini ya maji, mguu ukafa ganzi

BARUA

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa Pemba, na nakuomba unijibu upesi kadiri utakavyoweza, kwa sababu nyumbani kwetu kuna mgonjwa na kila mtu ana lake la kusema.

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26. Kwa miaka mitatu sasa amekuwa akizamia majongoo ya bahari kwa mitungi, akifanya kazi kwa tajiri mmoja mwenye boti na mashine ya kujazia hewa. Zamani alipiga mbizi kwa pumzi zake tu, lakini majongoo ya maji machache yamekwisha, na siku hizi wanayafuata kwenye pima kumi na mbili, kumi na tano, na mara nyingine zaidi. Mtu mmoja humaliza mitungi minne au mitano kwa siku. Hawana saa wala kipimo cha kina. Mtungi ukianza kuwa mzito kuvuta, ndipo wanapojua kuwa wakati wa kupanda umefika.

Jumamosi iliyopita mtungi wa nne ulimkatikia hewa akiwa chini, akapanda mbio. Alipofika juu alijiona mzima, akala wali pamoja na wenzake. Kabla boti haijafika pwani, bega la kulia likaanza kumuuma kwa ndani, mwenyewe anasema lilimuuma kama jino. Ilipofika magharibi alihisi kiuno kimebanwa kama kimefungwa mshipi, miguu ikafa ganzi, na usiku kucha hakuweza kukojoa ingawa tumbo la chini lilikuwa limejaa na linauma. Asubuhi tulimpeleka kituo cha afya, wakamwekea mpira, mkojo ukatoka mwingi sana. Wakampa dawa za maumivu na za maambukizi ya njia ya mkojo, tukarudi nyumbani. Hatukuwaambia kuwa alikuwa anazamia, maana tajiri alituonya kwamba kuvua kwa mitungi kumekatazwa na sote tungeingia matatani.

Jumatatu wenzake walikuja kumchukua. Walisema dawa ya ugonjwa huu ni kurudi kule kule ulikotokea. Wakamshusha kwa kamba hadi pima kumi, na aliporudi alinieleza kwamba kule chini maumivu yaliondoka yote na mguu ukapata nguvu. Lakini alipopanda, hata robo saa haikupita, yakarudi, na mguu wa kushoto ukazidi kulegea kuliko mwanzo. Wakamvutisha oksijeni ya mtungi, haikumsaidia kitu.

Leo ni siku ya sita. Anatembea kwa kushika ukuta. Jana alirudi kutoka msikitini na ndara moja tu mguuni. Ya kushoto ilimvuka njiani bila yeye kujua, na mtoto wa jirani ndiye aliyetuletea. Hapo ndipo nilipolia.

Mama anasema amepigwa na shetani wa baharini, kwa kuwa walizamia kwenye mwamba wenye mzimu bila kuomba ruhusa, na ameshazungumza na mganga. Tajiri anasema apumzike wiki moja kisha arudi kazini. Binamu yetu aliyeko Unguja yuko tayari kumkatia tiketi ya ndege ndogo ili akaonane na daktari huko. Naomba uniambie: hili ni shetani au ni maradhi? Arudishwe tena chini? Ndege ni salama? Na baada ya siku sita, bado pana la kufanya au tumeshachelewa?

Dada wa mzamiaji, Pemba

JIBU

Dada yangu, waalaykumu ssalaam.

Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisiloweza kungoja. Mmechelewa, na siwezi kukuficha hilo, lakini hamjachelewa kiasi cha kukaa nyumbani. Aliyo nayo mdogo wako, kwa kila dalili uliyoieleza, ni maradhi ya mgandamizo, yale ambayo humpata mtu aliyevuta hewa akiwa kwenye kina kisha akapanda upesi au baada ya kukaa chini muda mrefu mno, na yameugusa uti wake wa mgongo. Tiba yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa chache, lakini wapo wagonjwa wengi waliopata nafuu baada ya kutibiwa siku kadhaa tangu walipougua, na kwa sababu hiyo madaktari wa fani hii hawamkatai mgonjwa kwa kuwa amechelewa. Kwa hiyo ukimaliza kusoma barua hii, mtoeni nyumbani leo hii, msingoje kesho wala msingoje kwanza kwenda kwa mganga.

Mpelekeni hospitali kubwa badala ya kurudi kituoni. Kama hospitali ya Abdalla Mzee iliyopo Mkoani ndiyo iliyo karibu nanyi, nendeni huko. Mbele ya daktari usianze na bega wala mkojo. Anza kwa kusema: "Huyu ni mzamiaji wa mitungi, aliugua baada ya kupanda." Sentensi hiyo moja ndiyo iliyokosekana siku ile ya kwanza, na kukosekana kwake kukawafanya wahudumu watibu maambukizi ya mkojo wakati mkojo ulizuiliwa na mishipa ya fahamu iliyokuwa imenyamaza. Siwalaumu wao, na wewe sikulaumu, maana mlitishwa. Lakini daktari anauliza kina na muda ili ajue pa kumpeleka mgonjwa, na kutunza siri ya mgonjwa ni wajibu wa kazi yake. Suala la uvuvi uliokatazwa lina mahali pake na watu wake. Kitandani hapana mshitakiwa, pana mtu ambaye mguu wake unakufa.

Kabla hamjaondoka, chukua karatasi ukae naye na uandike anayoyakumbuka: mitungi mingapi aliivuta siku ile, pima ngapi kila mmoja, alipumzika kwa muda gani kati ya mtungi na mtungi, alizamia siku ngapi mfululizo kabla ya Jumamosi, saa ngapi alipanda mara ya mwisho, na kila dalili ilianza saa ngapi. Andika pia kule kushushwa kwa Jumatatu. Msione aibu kukutaja. Nakuomba uandike kwa sababu mgonjwa akihamishwa mara mbili au tatu, maelezo hupungua kila anapofika mahali papya, na karatasi haisahau.

Hospitalini watampa oksijeni, na hapa nataka nisimame kidogo, kwa sababu kuna kosa ambalo nimelikuta pwani nzima nilikofanya kazi ya uuguzi. Wazamiaji wetu huuita mtungi wa mgongoni "mtungi wa oksijeni". Ndani yake hamna oksijeni peke yake. Mna hewa ya kawaida iliyoshindiliwa na mashine, yaani oksijeni kama sehemu 21 katika 100, na karibu yote iliyobaki ni naitrojeni. Wenzake walipomvutisha mtungi ule botini, kwa nia njema kabisa, walimpa upepo ule ule ambao angeuvuta bure akiwa amekaa nyuma ya boti. Oksijeni anayoihitaji ni ile halisi ya hospitali, inayotolewa kwa kinyago chenye mfuko wa kuhifadhia hewa, lita 15 kwa dakika au karibu na hapo, ili naitrojeni iliyobaki mwilini ipate njia ya kutoka. Alazwe chali akiwa ametulia, na anywe maji ya kutosha maadamu ana fahamu zake na anameza vizuri. Kama mkojo bado unamsumbua, awekewe mpira tena, wala usiondolewe kwa haraka, kwa sababu kibofu kilichotanuka kupita kiasi huharibika chenyewe.

Tiba kamili ya maradhi haya iko ndani ya chumba cha mgandamizo, chumba cha chuma kinachofungwa mlango na kujazwa hewa hadi mwili wa mgonjwa uhisi kana kwamba uko mita 18 chini ya maji, yaani pima kumi, huku akivuta oksijeni halisi kwa vipindi na kupumzishwa katikati. Utaratibu unaotumika zaidi duniani, uliotokana na jeshi la majini la Marekani, huchukua takriban saa 4 na dakika 45, na hurudiwa siku zinazofuata maadamu mgonjwa anaendelea kupata nafuu. Kwa miaka mingi chumba cha namna hiyo kimekuwapo Matemwe, kaskazini-mashariki ya Unguja. Na kwa wasomaji wetu wa Kenya, kambi ya Jeshi la Majini ya Mtongwe, Mombasa, imekuwa nacho pia. Mwombe daktari apige simu kabla mgonjwa hajasafirishwa, ahakikishe chumba kinafanya kazi siku hiyo na mhudumu wake yupo. Akitaka kushauriana na mtaalamu, shirika la Divers Alert Network, lililoanzishwa Marekani mwaka 1980, hupokea simu za dharura za wazamiaji saa 24 kwa nambari +1 919 684 9111, na daktari wa nchi yoyote anaweza kuipiga.

Sasa ndege. Mshukuru binamu yako kwa moyo wake, kisha mwambie aibadilishe tiketi hiyo iwe ya boti. Ukipanda angani, mgandamizo wa hewa hupungua, na viputo vya naitrojeni vilivyomo mwilini mwa mdogo wako hutanuka kwa sababu ile ile iliyovifanya vizaliwe alipopanda kutoka chini ya maji. Ndege ndogo za visiwani hazina hewa iliyoshindiliwa ndani kama zile kubwa, na hata hizo kubwa hazikuweki kwenye mgandamizo wa usawa wa bahari. Mgonjwa wa aina hii hasafirishwi kwa ndege isipokuwa rubani akubali kuruka chini sana, chini ya mita 300, au ndege iwe na uwezo wa kushikilia mgandamizo wa pwani safari nzima. Boti ya abiria kutoka Mkoani huchukua saa nyingi zaidi, lakini haimwinui hata pima moja. Alale safari nzima, asafiri na mtungi wa oksijeni ya hospitali pamoja na muuguzi ikiwezekana, nawe uwe karibu naye.

Kuhusu kumrudisha chini, jibu langu ni hapana, wala msirudie hata mara moja zaidi. Lakini wenzake hawakusema uongo, na nadhani ukiwakatalia tu bila kueleza hawatakusikiliza, kwa kuwa waliona kwa macho yao mguu uliolegea ukipata nguvu. Kwa hiyo waeleze hivi.

Maji yana uzito. Kila mita kumi za kina, yaani pima tano na nusu hivi, huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu tukiwa nchi kavu. Kwenye pima kumi na tano mwili wako unabanwa karibu mara nne ya kawaida, na hewa unayoivuta imebanwa vivyo hivyo. Oksijeni mwili huitumia, lakini naitrojeni haina kazi, basi huyeyuka na kuingia polepole katika damu, mafuta, viungo na uti wa mgongo, na kadiri unavyokaa ndivyo inavyozidi kujaa. Fungua chupa ya soda taratibu, gesi itatoka kidogo kidogo bila fujo. Ifungue kwa ghafla, itafura povu hadi imwagike. Mdogo wako alipanda mbio baada ya mitungi minne, na povu lile likafanyika ndani yake. Kiputo kikikaa kwenye bega huleta maumivu ya ndani, kama jino alivyosema mwenyewe, na sijapata kusikia maelezo yaliyo sahihi kuliko hayo. Kikikaa kwenye uti wa mgongo huleta kile kibano cha mshipi kiunoni, kisha ganzi, kisha mkojo kuziba, kisha miguu kulegea. Naye alizipata zote, moja baada ya nyingine.

Alipochukuliwa tena pima kumi, maji yalivibana viputo vikawa vidogo, damu ikapita, naye akahisi amepona. Huo ni ushahidi kwamba ana maradhi haya, wala si ushahidi kwamba ametibiwa. Kule chini alikuwa akivuta hewa, basi kila dakika iliyompa nafuu ilikuwa pia inamwongezea naitrojeni mpya, na alipopanda viputo vilitanuka vikiwa na chakula kingine. Chumbani anavuta oksijeni, anakaa karibu saa tano akiwa mkavu na ana joto, anashushwa mgandamizo kwa vipimo vya dakika, na akipatwa na degedege au akizimia yupo mtu wa kumshika. Baharini mtu ambaye miguu haimtii akizimia huzama, na kamba iliyofungwa kiunoni itapandisha maiti. Wenzake walitaka kumsaidia. Waambie safari nyingine msaada wao uwe kupiga makasia kuelekea hospitali.

Na sasa mama. Mimi pia ni Muislamu na naamini kuwapo kwa majini kama Mwenyezi Mungu alivyotueleza, kwa hiyo simcheki mama yetu wala sitaki umbishie. Kaa naye chini umsimulie kwamba mwaka 1841, huko Ufaransa, mhandisi Jacques Triger alichimba shimo la makaa ya mawe chini ya ardhi iliyojaa maji, akayazuia maji yasiingie kwa kujaza hewa iliyoshindiliwa, na wafanyakazi wake wakapatwa na maumivu makali ya viungo baada ya kutoka shimoni. Mwaka 1854 madaktari wawili wa huko huko, Pol na Watelle, waliandika kwamba mtu halipi anapoingia, hulipa anapotoka. Mwaka 1872, New York, Washington Roebling aliyekuwa akijenga daraja la Brooklyn alipigwa na maradhi haya baada ya kushuka mara nyingi katika vyumba vya hewa vilivyokuwa chini ya mto, na afya yake ikavunjika. Aliifuatilia kazi kutoka dirishani nyumbani kwake huku mkewe Emily akipeleka maagizo yake kwa mafundi hadi daraja likafunguliwa mwaka 1883. Watu hao hawakuwa wavuvi, hawakuukanyaga mwamba wowote wa Pemba, na hakuna aliyewaudhi wenyeji wa bahari. Waliugua kwa sababu walivuta hewa iliyobanwa kisha wakatoka upesi. Mfaransa mwingine, Paul Bert, ndiye aliyeonesha mwaka 1878 kwamba kinachofanya madhara ni naitrojeni inayogeuka viputo.

Mama akitaka kumsomea, na amsomee. Akitaka kombe, na anywe kombe, maadamu yuko njiani kwenda hospitali. Ila kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyazuie kwa upole lakini kwa msimamo. La kwanza ni kumfukiza chini ya shuka, kwa sababu moshi humnyima oksijeni mtu ambaye tiba yake ndiyo oksijeni. La pili ni kumkanda miguu kwa mafuta ya moto au maji ya moto. Mguu usiohisi ndara ikivuka hautahisi ngozi ikiungua, na nimeshafunga vidonda vya namna hiyo vikubwa kuliko ugonjwa wenyewe. Dawa za maumivu nazo zisiwadanganye. Zinaweza kumpunguzia bega, lakini kiputo kwenye uti wa mgongo hazikigusi.

Tajiri wake ana jambo la kujibu. Kusema apumzike wiki kisha arudi ni kumpeleka kijana wa watu kuzikwa, nami nalisema hili nikiwa nimechagua maneno yangu. Mtu aliyepata maradhi haya kwenye uti wa mgongo na akabaki na ganzi au udhaifu hazamii tena kwa mitungi, na hata aliyepona kabisa hatakiwi kurudi majini mpaka daktari anayeyajua maradhi haya amchunguze na amruhusu. Nauli, hospitali na chumba cha mgandamizo ni gharama zilizotokana na kazi yake, basi mwendeeni mkiwa watu wazima wa familia, ikibidi mbele ya sheha, mumwombe azibebe. Lakini safari isingoje mazungumzo hayo. Kopeni, uzeni mnachoweza kuuza, mtaidai fedha hiyo baadaye.

Na wale wenzake wanaoendelea kushuka, kwa sababu najua kesho alfajiri boti itatoka tena. Mtungi mmoja wa kawaida, kwenye pima kumi na tano, kwa mtu anayefanya kazi huisha kwa nusu saa au karibu na hapo. Majedwali ya wazamiaji, ambayo mzizi wake ni kazi ya John Scott Haldane na wenzake waliowapima mbuzi kwa ajili ya jeshi la majini la Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 1908, yanaruhusu takriban muda huo tu kwenye kina kile kwa mbizi ya kwanza ya siku, kama mtu anataka kupanda moja kwa moja bila vituo virefu. Maana yake, mtungi wa kwanza peke yake umeshaumaliza ukingo wa usalama. Wa pili, ukifuata upesi, unamkuta mtu ambaye mwili wake bado una naitrojeni ya wa kwanza, na wa tatu na wa nne ni deni juu ya deni. Hakuna mwendo wa kupanda utakaoifanya mitungi minne ya pima kumi na tano kwa siku moja iwe kazi salama, na singependa mtu yeyote asome barua hii akadhani nimempa njia ya kuifanya. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba apandaye asizidi pima tano kwa dakika, asimame pima tatu kutoka juu kwa dakika tatu au zaidi, aanze kupanda mtungi ukiwa bado na hewa ya kutosha, na akihisi maumivu ya kiungo, ganzi au kizunguzungu katika saa 24 zinazofuata, asinyamaze akidhani ni uchovu. Dalili nyingi hujitokeza ndani ya saa sita za mwanzo. Wakague pia bomba la kuvutia hewa kwenye ile mashine ya kujazia, lisikae karibu na moshi wake, kwa sababu moshi una gesi ya sumu ambayo ikiingia mtungini huua bila harufu ya kumwonya mtu.

Hukuuliza kama atatembea tena, lakini nadhani ndilo lililokuliza. Anayetembea kwa kushika ukuta siku ya sita ana mishipa ambayo bado inafanya kazi, na hiyo ni dalili njema. Wengine hupona kabisa baada ya chumba na mazoezi ya viungo ya miezi kadhaa. Wengine hubaki na fimbo, au na kibofu kisichotii sawasawa, au na choo kigumu, au na upungufu katika ndoa, na mambo haya ya siri mwanamume hukaa nayo kimya asipoulizwa na mtu anayemwamini. Mtafutie kaka au mjomba atakayemuuliza, na amwambie kwamba yote hayo hutokana na uti wa mgongo na yana madaktari wake.

Wakati huo wote, mpaka hisia zirudi, macho yako yatafanya kazi ya mguu wake. Asitembee bila viatu vya kufunga, asikae karibu na jiko, maji ya kuoga myapime kwa mkono wa mtu mwingine, mgeuze kila baada ya saa mbili akiwa amelala ili asipate vidonda vya matako na visigino, na kila usiku kabla hajalala washa taa uitazame nyayo yake ya kushoto kuanzia kisigino hadi katikati ya vidole, uone kama pana mwiba, jipu au jeraha ambalo yeye hajui kuwa analo.